Kanuni za Mchezo na Desturi za Kikao: Mwanamke Mbele ya Bao

Michezo ya watu wazima haipewi nafasi kubwa katika vitabu vya historia. Wanahistoria huandika habari za wafalme, vita, biashara na dini, na mchezo huachwa kando kama jambo la kupitishia wakati. Walakini mtu akitaka kujua jamii fulani ilimheshimu nani, ilimwamini nani kuwa mwenye akili, na ilimruhusu nani kuketi mchana bila kazi mbele ya macho ya watu, ni shida kumpatia shahidi bora kuliko kikao cha mchezo. Pale penye ubao na kete watu hujisahau, na mtu aliyejisahau huonyesha tabia yake ya kweli.

Katika makala haya tumekusudia kuchunguza swali moja. Iko michezo ya kukaa na kufikiri ambayo kanuni zake hazimtaji mwanamume wala mwanamke. Kwa nini basi, katika nchi nyingi, michezo hiyo imekuwa mali ya wanaume peke yao? Tutaanza hapa Rwanda kwa mchezo wa igisoro, tupite pwani kwa ndugu yake aitwaye bao, kisha tuvuke bahari hadi Marekani, kwenye mchezo wa mezani uliotokea mwaka 1974 na kuenea duniani. Mwishoni tutarudi Kigali, tuulize sisi walimu wa Kiswahili tuna sehemu gani katika jambo hili.

Ubao wenyewe

Igisoro ni mchezo wa watu wawili. Ubao wake una safu 4, na kila safu ina mashimo 8; jumla yake ni mashimo 32. Kete zake ni mbegu ngumu 64. Kila mchezaji humiliki safu mbili zilizo upande wake, na huanza na kete 32. Mchezaji huchota kete za shimo moja, akazipanda moja moja katika mashimo yanayofuata, na kwa taratibu maalumu huteka kete za mwenzake. Anayefikia hali ya kukosa hoja yoyote ya kucheza ndiye aliyeshindwa. Lugha ya Kinyarwanda imeupa mchezo huu kitenzi chake wenyewe, kubuguza, nayo ni dalili kwamba wenyeji hawakuuhesabu kuwa mchezo kama michezo mingine.

Mchezo huu hauko peke yake. Waganda wana omweso, wenye mashimo 32 na kete 64 vilevile. Jamii kadhaa za Kongo zina michezo ya ukoo huo, na mwaka 1977 mtaalamu Philip Townshend alichapisha uchunguzi mzima kuhusu michezo hiyo katika nchi ya Kongo, iliyoitwa Zaire wakati ule, pamoja na Rwanda na Burundi. Pwani ya Waswahili, kuanzia Lamu hadi Unguja na kusini zaidi, pana bao, ambalo wengi hulihesabu kuwa gumu kupita yote ya ukoo huu. Katika bao la Kiswahili mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Huzinamua kete za mkononi moja moja hadi zimalizike, kisha huingia katika awamu ya mtaji. Anayeweza kula ni lazima ale, na asiyeweza hutakata. Yako mashimo yenye majina yake, kama kichwa na kimbi, na liko shimo moja la mraba liitwalo nyumba, ambalo mwenyewe hulilinda kuliko mengine yote.

Msomaji na azipitie kanuni hizi kutoka mwanzo hadi mwisho. Hataona mahali palipoandikwa mume wala mke. Kete haiulizi imeshikwa na mkono wa nani. Tena yafaa tutambue kichekesho kilichomo katika msamiati huu: shimo lenye thamani kubwa katika bao huitwa nyumba, na mwanamke, ambaye jamii ilimkabidhi nyumba, ndiye ambaye hakukaribishwa kuichezea.

Kikao na mahali pake

Ikiwa kanuni hazimkatazi mwanamke, nani aliyemkataza? Jibu twalipata tukiangalia jinsi mchezo unavyofundishwa. Bao halina shule wala kitabu cha darasa la kwanza. Alex de Voogt, aliyefanya utafiti miongoni mwa mabingwa wa Zanzibar na kuutoa mwaka 1995, alishughulikia jinsi fundi wa bao anavyoweza kuhesabu mbele hoja nyingi bila kugusa kete. Akili ya namna hiyo haipatikani kwa siku moja. Kijana husimama nyuma ya wachezaji, akitazama, akisikiliza ubishi, mizaha na masahihisho ya watazamaji. Baada ya muda mrefu hupewa nafasi ya kucheza na mtu dhaifu, akashindwa, akachekwa, akarudi kusimama. Hiyo ndiyo elimu ya bao. Asiyeweza kusimama pale hawezi kuipata, hata awe na akili ya namna gani.

Sasa tutazame mahali penyewe. Katika miji ya kale ya pwani, baraza na daka vilijengwa nje ya mlango ili mwenye nyumba awapokee wageni wanaume bila wao kuingia ndani waliko wanawake. Waashi waliojenga baraza hawakuwa na nia ya kumnyima mwanamke bao. Walikuwa wakijenga stara kama walivyoielewa. Lakini bao lilipowekwa juu ya baraza lilirithi sheria za baraza. Tena wakati wa mchezo ulikuwa alasiri, kazi za wanaume zikiwa zimepungua, na saa hiyo ndiyo saa ya jiko, maji na watoto. Kwa hiyo mahali palimfungia mwanamke, na wakati ukamfungia mara ya pili.

Rwanda haikuwa na baraza la mawe, lakini ilikuwa na mgawanyo uliokaribiana na huo. Wavulana waliochaguliwa walipelekwa itorero, wakafundishwa vita, ngoma, ushairi na adabu za mkutano. Wasichana walikutana katika urubohero, wakajifunza kusuka mikeka na vikapu, pamoja na mambo ya maisha ya ndoa. Vikao vyote viwili vilikuwa vya elimu, navyo vilitoa mafundi. Tofauti yake ni kwamba kikao cha wanaume kilielekea uwanjani na barazani kwa mfalme, na kikao cha wanawake kilielekea ndani ya ua. Igisoro kilikaa upande wa kwanza. Kwa desturi ulikuwa mchezo wa wanaume, wa mapumziko na mazungumzo yao.

Huko Buganda mapokeo yanasema wazi zaidi. Omweso ulikuwa na heshima katika jumba la Kabaka, na yasimuliwa kwamba wanawake walikatazwa kuucheza, kwa hoja kwamba ungewasahaulisha kazi za nyumbani. Hebu tuipime hoja hiyo. Haisemi kwamba mwanamke hawezi. Yasema kwamba akianza hataacha! Aliyeweka katazo hilo alikuwa amekwisha kukiri kwamba mwanamke angeweza kuupenda mchezo kama mwanamume anavyoupenda. Aliyelindwa hapo ni mume aliyetaka chakula chake kiive kwa wakati.

Methali zilikuja kuimarisha jengo hilo. Wanyarwanda husema, “Nta nkokokazi ibika isake ihari,” maana yake, kuku jike hawiki penye jogoo. Methali hii haikutungwa kwa ajili ya igisoro, lakini mwanamke aliyekaribia kikao na kutoa shauri juu ya hoja ya mchezaji aliweza kukumbushwa maneno hayo, naye akajua maana yake. Baada ya vizazi vingi, watu walisahau mlango uliofungwa, wakabaki na matokeo yake: hapana bingwa mwanamke. Ndipo wakasema, “Wanawake hawana akili ya bao.” Hivi ndivyo desturi inavyogeuka kuwa hoja ya maumbile. Mtu hunyimwa mafunzo, kisha ujinga wake hutolewa kuwa ushahidi kwamba hakustahili kufundishwa.

Ushahidi wa nchi nyingine

Hoja ya maumbile tungeiogopa kama ingekuwa kweli kila mahali. Lakini michezo ya kupanda mbegu katika mashimo imeenea mbali sana na Afrika. Kusini mwa India, miongoni mwa Watamili, uko mchezo uitwao pallanguzhi, nao unajulikana hasa kuwa mchezo wa wanawake na wasichana, wakiucheza ndani ya nyumba. Ufilipino kuna sungka, na Indonesia kuna congklak, ambayo pia wasichana na wanawake ndio wanaohusishwa nayo zaidi. Huko mwanamume ndiye anayeweza kuonekana amepotea njia akikaa mbele ya ubao.

Yawezekana mtu akasema kwamba mbao za huko ni za safu mbili tu, na hivyo mchezo wake ni mwepesi kuliko igisoro au bao. Ni kweli kwamba safu ni chache. Hata hivyo kazi ya akili ni ya aina ileile: kuhesabu kete za shimo, kuona zitakapoishia, na kukumbuka mwenzako ana nini. Kama akili hiyo ingekuwa ya mwanamume kwa kuzaliwa, isingekuwa ya mwanamke upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Kilichobadilika kati ya pande hizi mbili ni mahali ubao ulipowekwa. Kule uliwekwa ndani, huku ukawekwa nje.

Kuvaa nafsi ya mwingine

Kabla ya kuvuka kwenda Marekani, tuandae njia kwa kutaja aina nyingine ya mchezo, nao ni ule wa kujivika cheo na nafsi isiyo yako. Pwani yetu iliujua tangu zamani. Tangu mwisho wa karne ya 19 ngoma ya beni ilienea kutoka miji ya pwani hadi bara, na wachezaji wake walijipa vyeo vya kijeshi na vya kifalme, wakavaa sare na kupiga kwata. Terence Ranger aliandika historia ya ngoma hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1975.

Wanawake hawakubaki watazamaji. Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama, navyo vilikuwa na viongozi wenye vyeo, michango, siri na ushindani mkali. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, ameeleza habari za vyama kama Banu Saada na Ibinaal Watan. Ushindani kati ya vyama ulihitaji mashauri, uongozi, hesabu za fedha na ulimi wa kumjibu mpinzani. Basi asiseme mtu kwamba mwanamke wa pwani hakupenda mashindano au hakuwa na kipaji cha kupanga mbinu. Alikuwa nacho, akakitumia mahali alipoweza kujifungulia mlango mwenyewe.

Meza ya Wisconsin

Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani, kampuni changa ilichapa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu. Kwa wasomaji wasioujua, tueleze kwa ufupi. Wachezaji hukaa kuizunguka meza. Mmoja husimulia mahali na mambo yanayotokea, na kila mmoja wa wengine husema na kutenda kwa niaba ya mtu wa kubuni: shujaa, mchawi, kuhani au mwizi. Dadu huamua kama tendo limefaulu. Hapana ubao unaolazimika kuwapo, wala hapana mshindi mmoja. Ni hadithi inayotungwa na watu wengi kwa pamoja, nasi tuliolelewa kwa hadithi za jioni hatuwezi kuiona kuwa ngeni kabisa.

Mchezo huo ulitoka katika tumbo la mchezo mwingine, yaani mchezo wa vita vya askari wadogo wa sanamu, ambao Ulaya na Marekani ulikuwa mchezo wa wanaume. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha mchezo huo, Little Wars, na juu ya jalada lake alieleza kwamba mchezo ni wa wavulana wa miaka 12 hadi 150, pamoja na wasichana wachache wenye akili zaidi wanaopenda mambo ya wavulana. Alikuwa akifanya mzaha, lakini mzaha huo ulikuwa na mlango ndani yake: msichana aliweza kuingia kwa sharti la kutofanana na wenzake.

Urithi huo ulionekana katika lugha ya vitabu vya 1974. Cha kwanza kiliitwa Men & Magic, na neno la mwanzo katika jina hilo laweza kumaanisha binadamu wote, na laweza kumaanisha wanaume tu. Mpiganaji alitajwa kwa neno ambalo ndani yake mna mwanamume. Na bado mwanzo wa mchezo wenyewe ulikuwa na msichana. Gygax alipokuwa akiujaribu nyumbani kwake mwaka 1972, wachezaji wake wa kwanza walikuwa watoto wake wawili, Ernie na dada yake Elise. Meza ya kwanza kabisa, basi, ilikuwa na mvulana na msichana, nusu kwa nusu.

Nje ya nyumba mambo hayakuwa hivyo. Mwaka 1976, katika toleo la 3 la jarida The Dragon, Len Lakofka alitoa pendekezo la kanuni za wahusika wanawake, ambamo nguvu yao ilipunguzwa, na mahali pa kipimo cha haiba pakawekwa kipimo cha uzuri. Mwaka 1978 kitabu rasmi cha wachezaji kiliweka sharti la namna hiyo katika sheria zenyewe. Nguvu ya mhusika hupimwa kwa dadu tatu, kuanzia 3 hadi 18, na mpiganaji aliyepata 18 huongezewa kipimo cha mia. Mwanamume aliruhusiwa kufika mia kamili. Mwanamke aliambiwa asimame kwenye 50. Ajabu yake ni kwamba huo ulikuwa ulimwengu wa kubuni, wenye majoka na watu wanaorusha moto kwa neno moja. Watu waliokubali joka bila swali walisita kukubali mwanamke mwenye nguvu.

Hata hivyo wanawake walikuwapo. Mwaka 1975 Lee Gold wa Los Angeles alianzisha jarida Alarums and Excursions, ambamo wachezaji walipeleka kurasa zao, wakajibizana na kukosoana. Likawa mojawapo ya mabaraza makuu ya mchezo huo kwa miongo mingi. Mwaka 1979 kampuni ilimwajiri Jean Wells, mwanamke wa kwanza miongoni mwa wabunifu wake. Kitabu chake cha mwaka 1981 kiliondolewa upesi baada ya kuchapwa, kikaandikwa upya na mtu mwingine. Mwanasosholojia Gary Alan Fine, aliyekaa na wachezaji wa Minnesota na kutoa kitabu chake mwaka 1983, alikuta meza zimejaa wanaume, na mojawapo ya sababu alizozichunguza ilikuwa njia ya kuwapata wachezaji wapya. Rafiki humleta rafiki; na marafiki wa wavulana walikuwa wavulana. Hapo twatambua baraza letu lilelile, ingawa limehamia katika chumba cha chini cha nyumba ya Marekani.

Iliyoandikwa na isiyoandikwa

Tukiilinganisha michezo hii, twaona tofauti moja yenye mafunzo. Wamarekani waliandika ubaguzi wao katika kitabu cha kanuni. Jambo hilo lilikuwa baya, lakini lilikuwa na faida moja: kila mtu aliweza kulionyesha kwa kidole. Wachezaji walilibishia, na toleo la pili la kanuni lilipotoka mwaka 1989, sharti la nguvu za mwanamke halikuwamo tena. Lilidumu miaka 11. Meza hazikujaa wanawake siku ile ile, lakini jambo moja lilikuwa limekwisha.

Katika bao na igisoro hapana ukurasa wa kufuta. Kanuni ni safi tangu zamani. Ukimwambia mchezaji wa barazani kwamba mchezo wake unawabagua wanawake, atakujibu kwa moyo mkunjufu kwamba hapana anayewakataza, waje tu. Naye husema kweli kama anavyoiona. Desturi isiyoandikwa haina mwandishi, kwa hiyo haina wa kuulizwa. Ndiyo maana hudumu kuliko sheria.

Hapo sisi walimu wa lugha hatuna budi kusimama kidogo. Tumezoea kujivunia kwamba Kiswahili hakimtofautishi mke na mume katika viwakilishi vyake. Yeye ni yeye; mchezaji ni mchezaji; bingwa ni bingwa; kiambishi a- hubeba wote. Kinyarwanda nacho hakina viwakilishi vya kike na vya kiume. Waingereza na Wafaransa huhangaika na jambo ambalo sisi hatukulijua. Fahari hiyo ni halali, lakini isitulevye. Kwa miaka mingi sentensi “bingwa amekula kete zote” iliweza kumaanisha mwanamume au mwanamke kwa sarufi, na kila aliyeisikia alimwona mwanamume. Sarufi iliacha mlango wazi, na desturi ikauziba bila kugusa hata herufi moja.

Kigali na darasa la Kiswahili

Rwanda ya leo yatupa mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa kuwa ni nchi ambayo sheria zake zilibadilika upesi. Mwaka 1999 sheria ya urithi iliwapa mabinti haki ya kurithi sawa na ndugu zao wa kiume. Katiba ya mwaka 2003 iliweka kwamba wanawake wasipungue asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi. Katika uchaguzi wa mwaka 2008 wanawake walipata viti 45 kati ya 80 vya Baraza la Wawakilishi, na Rwanda ikawa nchi ya kwanza duniani kuwa na bunge lenye wanawake wengi kuliko wanaume. Hayo yote yaliandikwa, na kwa kuwa yaliandikwa yaliweza kutekelezwa.

Mambo yasiyoandikwa yalihitaji njia nyingine, na mfano wake mzuri ni ngoma. Ngoma kubwa za Rwanda zilikuwa za mfalme na za wanaume, mwanamke hakuzipiga. Hapakuwa na sheria ya serikali ya kufutwa. Mwaka 2004 Odile Gakire Katese alikusanya wanawake mjini Butare, ambao sasa unaitwa Huye, akaanzisha kundi la Ingoma Nshya. Walijifunza kwa kupiga, wakaonekana wakipiga, na kuonekana huko kukawa hoja isiyohitaji maneno. Katika upigaji wa inanga, ambao kwa kawaida ni wa wanaume, Sophie Nzayisenga alifundishwa na baba yake tangu utotoni, akawa bingwa. Kisa chake chafanana na kile cha Elise kule Lake Geneva: binti aliingia kwa mlango wa baba. Mlango huo ni wa heshima, lakini ni mwembamba, kwa maana si kila binti ana baba bingwa. Kwa wasio naye, Ingoma Nshya walionyesha mlango mpana, yaani kikao chenyewe kufunguliwa.

Sisi je? Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda. Kabla ya hapo, mjini Kigali, lugha hii ilikaa muda mrefu katika mitaa ya Nyamirambo na Biryogo, kwa wafanyabiashara, madereva na Waislamu, na wako waliolitumia neno “Umuswahili” kwa kumdharau mtu, kana kwamba ni jina la mjanja asiyeaminika. Kwa hiyo walimu wa Kiswahili wajua vizuri maana ya kuwekwa nje ya kikao. Lugha yetu sasa imekaribishwa ndani. Itakuwa aibu ikiingia na kuwafungia wengine mlango nyuma yake.

Tuna nafasi ambayo baraza halina. Darasani wasichana na wavulana huketi pamoja, wakati mmoja, na aliyewaketisha ni mwalimu. Ubao wa igisoro au bao waweza kuchongwa na fundi yeyote wa mitaani. Ukikosekana, mashimo 32 yachimbwa ardhini na kokoto 64 zikatosha. Msamiati wake ni hazina: kupanda, kuchota, kunamua, kutakata, kuteka, mtaji, kichwa, kimbi, nyumba. Vitenzi hivi vyafunza nyakati na hali za kutendwa vizuri kuliko sentensi nyingi za vitabuni. Mwanafunzi wa Kigali ajuaye kubuguza atalifikia bao kwa hatua chache, na atajifunza kwamba Kiswahili na Kinyarwanda ni jirani wa siku nyingi.

Lakini tusidhani kwamba kuleta ubao darasani kwatosha. Tumeona kwamba elimu ya bao hupatikana nyuma ya wachezaji, katika ubishi na mizaha. Mwalimu akiwaacha wanafunzi wajipange wenyewe, baada ya wiki mbili atakuta wavulana wamezunguka ubao na wasichana wanaandika alama. Basi na apange jozi yeye mwenyewe, azibadilishe kila mara, na ampe kila mmoja zamu ya kucheza, ya kutazama na ya kueleza kwa sauti hoja iliyochezwa. Msichana akishindwa, achekwe kama mvulana anavyochekwa, wala asichekwe zaidi. Tena mara ya pili apewe mpinzani wa kiasi chake, kama baraza lilivyowafanyia wavulana vizazi vyote. Kushindwa na kurudi tena ndiko kunakomfanya mtu fundi, na nafasi hiyo ndiyo ambayo wanawake walinyimwa muda mrefu kuliko zote.

Pamoja na hayo, tunawaomba wanachama wetu wakusanye kwa wazee, wanaume kwa wanawake, maneno na habari za igisoro na bao katika wilaya zao: nani alicheza, wapi, saa ngapi, na nani alifukuzwa. Wakiwauliza akina bibi hasa, yawezekana wakapata habari ambazo vitabu havikuziandika, kwa kuwa walioandika vitabu waliketi barazani. Habari hizo zikija, zitapata nafasi katika kurasa hizi.